Tuuze au Tungoje? Namna ya Kujadiliana Tusipokuwa na Hakika



Kila mwaka, mahindi yakishapukuchuliwa na kutiwa magunia, vyama vyetu vya msingi hukabiliwa na swali lile lile: tuuze sasa au tungoje? Laela, Namanyere, Matai na vijiji vilivyo kandokando ya milima ya Mbizi, kote huulizwa hivyo. Swali lenyewe ni fupi, lakini jibu lake hubeba ada za watoto, deni la mbolea na mbegu za msimu unaokuja. Hakuna mtu mkutanoni aijuaye bei ya Januari. Mwenyekiti haijui, meneja haijui, wala Afisa Ushirika haijui. Hata hivyo uamuzi hauna budi kutolewa.

Makala haya yanakusudia kueleza namna wanachama wanavyoweza kujadiliana na kuamua pale ambapo hapana hakika, na namna viongozi wanavyopaswa kuyaongoza mazungumzo ya namna hiyo.

Zamani bei ilitangazwa

Wazee wetu watakumbuka kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bei ya mahindi ilipangwa na Serikali, nayo ilikuwa moja kwa nchi nzima. Mkulima wa Ufipa, aliye mbali sana na Dar es Salaam, alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na soko. Gharama ya usafiri haikuwa juu yake. Kwa sababu hiyo Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikawa miongoni mwa mikoa minne iliyotegemewa na Taifa kwa mahindi. Mkulima alipaswa kujua kulima. Bei aliisikia tu ikitangazwa.

Biashara ya nafaka ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ruzuku ya mbolea ilipoondolewa katika miaka ya 1990, mambo yaligeuka. Umbali ukarudi juu ya mabega ya mkulima. Tangu hapo bei imetegemea mvua za kwetu na za jirani, mahitaji ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kufunguliwa au kufungwa kwa mipaka. Juni 2017 Serikali ilipozuia mahindi kupelekwa nje ya nchi, wengi waliokuwa wameweka akiba ghalani kwa kungojea bei nzuri walijikuta na mahindi mengi na wanunuzi wachache. Hawakuwa wajinga. Waliamua kwa yale waliyoyajua, na jambo wasilolijua likatokea.

Funzo la mwaka 1976

Vyama vyetu vimewahi kuyaonja madhara ya maamuzi yasiyojadiliwa. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa mashirika ya umma; kwa upande wa nafaka, Shirika la Usagishaji la Taifa. Wanachama, ambao ndio waliokuwa na mali humo, hawakupigiwa kura. Sheria ya kuvirudisha ilitungwa mwaka 1982, na baadaye Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvivunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa.

Lakini tusiutazame upande mmoja tu. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1966, kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Iliona upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ubadhirifu, kuingiliwa na wanasiasa, na wanachama wasiozifahamu haki zao. Maana yake ni kwamba ndani ya vyama vyenyewe mazungumzo yalikuwa yamekwisha kufa kabla ya vyama kuvunjwa. Chama ambacho wanachama wake hawaulizi ni rahisi kuibiwa, na ni rahisi pia kufutwa.

Mazungumzo ni urithi wetu

Si lazima twende mbali kutafuta mfano. Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Roy Willis, aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika jinsi Wafipa walivyouthamini usemi mzuri na uwezo wa kumshawishi mwenzio kwa hoja. Aliandika pia simulizi ya Milansi, ambayo wazee wanaijua. Mtawala wa Milansi alikuwa amekwenda kuwinda. Huku nyuma wakafika wanawake wageni, Watwaci, wakakitwaa kiti cha utawala. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha kubadilika. Simulizi haimalizikii katika vita. Inamalizikia katika mapatano: wageni wakapata kuitawala nchi, na Milansi ikabaki na heshima yake ya kale na madaraka yake ya mambo ya mila.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba kiongozi alikutwa na jambo asilolitarajia, na njia iliyopatikana ilikuwa ya kugawana madaraka kwa maneno.

Hesabu ya mfano

Tuchukue chama chenye magunia 600 ghalani. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Julai gunia ni shilingi 50,000. Kikiuza yote, kitapata shilingi 30,000,000.

Kikingoja hadi Januari, tukadirie kwamba magunia 30 yataharibiwa na dumuzi, na kwamba dawa na ulinzi vitagharimu shilingi 1,500,000. Bei ikipanda hadi 75,000, magunia 570 yaliyobaki yataleta 42,750,000. Tukitoa gharama, zinabaki 41,250,000. Bei ikishuka hadi 40,000, yataleta 22,800,000. Tukitoa gharama, zinabaki 21,300,000. Basi kungoja kunaweza kuongeza shilingi 11,250,000 au kupunguza shilingi 8,700,000.

Kikiuza nusu na kungoja na nusu, gharama na hasara ya dumuzi zikipungua kwa nusu, mwisho wake utakuwa shilingi 35,625,000 bei ikipanda, au 25,650,000 bei ikishuka. Faida ni ndogo zaidi, na hasara pia ni ndogo zaidi.

Hesabu hii haisemi lipi lichaguliwe. Mwanachama mwenye magunia sitini anaweza kungoja. Mjane mwenye magunia manne, ambaye deni lake la mbolea linadaiwa Septemba, hawezi. Katika ushirika hawa wawili wana kura moja moja, nayo ni kanuni iliyofuatwa tangu waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844. Lakini kura ya mjane haina nguvu kama hakupewa nafasi ya kusema kuhusu Septemba yake kabla ya mikono kunyooshwa.

Mambo matano ya kuzingatia

Kwanza, hesabu ziwafikie wanachama siku kadhaa kabla ya mkutano. Mtu anayesomewa tarakimu kwa mara ya kwanza mkutanoni hawezi kuzijadili, ataitikia tu.

Pili, mazungumzo yaanzie katika vikundi vidogo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifaulu kwa sababu watu walisikiliza redio vikundi vikundi, kisha wakajadiliana. Asiyethubutu kusimama mbele ya watu mia mbili atasema mbele ya watu kumi, na neno lake litafikishwa mkutanoni na msemaji wa kikundi.

Tatu, mwenyekiti aseme mwisho. Akitangulia kutoa maoni yake, wengi wataona haya kumpinga, hasa akiwa mtu mzima. Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu ni ya kweli, lakini haikutungwa ili kufunga midomo ya wenye mali yao. Methali nyingine husema kuuliza si ujinga.

Nne, yatengwe mambo ya aina tatu: tunayoyajua, tunayoyadhani, na tusiyoyajua. Idadi ya magunia tunaijua. Kupanda kwa bei tunakudhani. Kama mpaka wa Kasesya utakuwa wazi Januari, hatujui. Mabishano mengi hutokana na mtu kutaja dhana yake kana kwamba ni habari ya hakika.

Tano, maoni ya walioshindwa kwa kura yaandikwe katika muhtasari, pamoja na sababu zao. Wakulima wa Ufipa wanalifahamu jambo hili kutokana na matuta ya ntumba: nyasi hufukiwa ndani ya udongo, nazo huwa mbolea ya msimu unaofuata. Hoja iliyokataliwa mwaka huu yaweza kuhitajika mwakani. Hapo hapo ipangwe tarehe ya kuutazama tena uamuzi, ili hali ikibadilika chama kisisubiri mpaka mahindi yaoze.

Kumpima kiongozi

Jina la Sumbawanga wazee hulifasiri kuwa ni kutupa uchawi. Katika ushirika uchawi wetu ni ule wa kutafuta mbaya wetu kila hasara inapotokea. Bei ikishuka, husemwa kwamba viongozi wamekula. Bei ikipanda, kiongozi yule yule husifiwa kwa hekima ambayo huenda hakuwa nayo.

Yapasa tupime kwa haki zaidi. Tuulize: Je, alitueleza yote aliyoyajua? Alikiri asiyoyajua? Aliwasikiliza waliopinga? Alifanya kama mkutano ulivyoamua? Akiwa amefanya hayo na bei ikaanguka, hiyo ni hasara yetu sote. Lakini akiwa ameficha hesabu, au ameuza kinyume cha uamuzi, basi ana la kujibu hata kama bei ilipanda na faida ikapatikana. Kukosea makadirio na kuiba ni mambo mawili. Ndiyo sababu vitabu vya chama hukaguliwa: wakaguzi hawakagui kama kiongozi alibahatisha vizuri, hukagua kama fedha na mazao vipo.

Kiongozi naye asiogope kusema "sijui". Anayeahidi bei asiyoijua huipoteza imani ya wanachama siku ile bei inapofika. Anayesema "sijui, lakini haya ndiyo tunayoweza kupoteza" huwapa wanachama kitu cha kuamulia.

Maswali ya kujadili katika chama chenu

1. Katika mkutano wenu uliopita, ni wanachama wangapi wasio wajumbe wa bodi waliosema? Wanawake walikuwa wangapi?

2. Mwanachama mwenye magunia machache anaumia vipi chama kikiamua kungoja? Chama kinaweza kumsaidiaje bila ya kuwazuia wengine?

3. Chama chenu kinaweza kupoteza kiasi gani bila ya kushindwa kulipa deni la pembejeo?

4. Je, muhtasari wenu unaonyesha sababu za uamuzi, au unaonyesha uamuzi peke yake?

Tunawaomba makatibu wayasome maswali haya mbele ya wanachama kabla ya mkutano wa kuamua juu ya mauzo, si baada yake.