Kwa Nini Ruzuku ya Mahindi Iowa Hufuata Ardhi

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Iowa, hasa Wakongo wa Des Moines na Cedar Rapids, huuliza: kwa nini serikali ya Marekani inamlipa mkulima mwenye trekta lenye thamani kuliko nyumba? Jibu linaanzia miaka ya 1930, na kaunti ya Plymouth, kaskazini magharibi mwa jimbo hilo, inalionyesha waziwazi.

Wakati ule bei ya mahindi ilianguka mno hata watu wakayachoma jikoni, maana makaa ya mawe yalikuwa ghali zaidi. Benki zilidai, mashamba yakapigwa mnada. Tarehe 27 Aprili 1933, mjini Le Mars, makao makuu ya kaunti hiyo, wakulima walimtoa Jaji Charles Bradley mahakamani, wakampeleka nje ya mji na kumtia kitanzi shingoni. Walimtaka aape kwamba hatatia tena saini amri za kunadi mashamba. Hakuapa. Walimwacha hai, gavana akatuma askari. Siku 15 baadaye Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuinua bei za mazao.

Waziri wake wa kilimo, Henry Wallace, alikuwa mzaliwa wa Iowa na mtaalamu wa mbegu chotara za mahindi. Chini ya sheria hiyo, mkulima alilipwa apunguze eneo analolima. Oktoba ikaja mikopo: senti 45 kwa kila busheli, yaani kilo 25 hivi, mahindi yakiwa ndiyo dhamana. Bei ikipanda, mkulima anauza na kulipa deni. Isipopanda, serikali inachukua mahindi na deni linakwisha. Kwa familia iliyokuwa inasubiri dalali wa mnada, utaratibu huo ulikuwa wokovu, na siwezi kuulaumu.

Utaratibu wa leo ni kitu kingine. Mkenya aliyezoea ruzuku ya mbolea atashangaa kusikia kwamba malipo makuu hayategemei hata ulichopanda msimu huu. Yanategemea ekari za msingi, yaani historia ya kilimo cha shamba hilo iliyoandikwa miaka mingi iliyopita. Tuseme shamba lina ekari 100 za msingi za mahindi, na kumbukumbu zake zinaonyesha busheli 150 kwa ekari. Sheria ya 2025 imeweka bei ya kumbukumbu, yaani kipimo cha pengo la bei, kuwa dola 4.10 kwa busheli. Wastani wa bei nchini ukishuka hadi dola 3.70, pengo ni senti 40. Serikali hulipa pengo hilo kwa asilimia 85 ya ekari hizo: jumla dola 5,100. Mwenye ekari 1,000 anapata mara kumi, japo kuna kikomo kwa kila mlipwaji.

Mkulima anaweza kuchagua mpango mwingine, unaopima mapato ya kaunti nzima. Hapo mvua ya mawe ikiharibu shamba lako peke yako, wastani wa kaunti hautikisiki na hulipwi kitu. Hasara hiyo ni kazi ya bima ya mazao, ambayo serikali huichangia zaidi ya nusu ya gharama.

Kinachoniuma ni kodi ya pango la ardhi. Kisheria, anayekodi kwa fedha taslimu na kubeba hatari ya mavuno ndiye anayelipwa. Lakini mwenye ardhi anajua malipo hayo yapo, na akipandisha kodi, sehemu ya ruzuku inaishia mfukoni mwake, hata kama anaishi mbali na hajashika jembe. Kijana anayetaka kuanza anashindania ardhi hiyo na jirani mwenye maelfu ya ekari.

Kwa hiyo ndugu anayefikiria kukodi shamba huko, kabla ya kutia saini aulize katika ofisi ya kilimo ya kaunti shamba hilo lina ekari ngapi za msingi, za zao gani, na mavuno gani yameandikwa. Aulize pia nafuu ya bima kwa wakulima wanaoanza, maana wao huchangiwa zaidi.