Kulabu ya Gari Isikudanganye

Mvua zinapokolea, barabara za udongo za Lupepo, wilayani Rungwe, huwa utelezi mtupu. Lori la ndizi likinasa, watu hufunga mnyororo popote waonapo chuma. Hapo ndipo hatari ianzapo.

Si kila tundu lililo chini ya gari ni la kuvutia. Mengine yamewekwa ili gari lifungwe, lisicheze linaposafirishwa melini. Gari lililozama matopeni laweza kudai nguvu ipitayo uzito wake wenyewe, na mvuto wa ghafula huizidisha nguvu hiyo.

Basi inama ukague. Kulabu iwe imeshikamana na chesisi, si bampa wala vyuma vya usukani. Tafuta kutu na nyufa. Soma kichwa cha boliti: yenye alama 8.8 huhimili mara mbili ya yenye 4.6, unene ukiwa ule ule. Ukitumia kamba mbili, zisitanuke mno. Zikifanya pembe ya nyuzi 120, kila moja hubeba mzigo wote, kana kwamba mwenziwe hayupo.

Watoto hupenda kutazama. Waondoe, na kila mtu asimame mbali kupita urefu wa kamba, kwani kulabu ikikatika huruka kama risasi. Tandika gunia lililolowa juu ya kamba.

Ukiona shaka, shusheni mzigo, mchimbe tope kwa majembe. Ndizi zikichelewa leo zitauzwa kesho; mtu akipotea harudi.