Chunusi za Ukubwani: Epuka Mkorogo, Fika Zahanati

Chunusi haziishii ujanani. Hutokea vitundu vya vinyweleo vinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa, na kwa wanawake wengi huzidi hedhi inapokaribia. Si dalili ya uchafu. Kusugua uso kwa nguvu huzidisha vipele.

Hatari kubwa imo katika mkorogo na krimu zisizo na lebo. Baadhi huwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hufifisha vipele kwa muda, lakini hukondesha ngozi, na mtumiaji anapoacha, vipele huweza kurudi kwa wingi zaidi. Zebaki hudhuru figo. Tangu mwaka 2019, vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mkazi mwenye chunusi anashauriwa kunawa uso mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kutokamua vipele, na kufika zahanati ya karibu akiwa na krimu anayotumia. Aliyekwisha kutumia mkorogo asione haya kusema. Inapobidi, mganga hutoa rufaa ya hospitali, kama vile Mwananyamala au Temeke. Mjamzito aeleze hali yake kwanza, kwani baadhi ya dawa za chunusi hudhuru mimba. Tiba sahihi huhitaji subira ya wiki 6 hadi 12.