Sikio la Mwenzio Ndilo Kioo cha Sauti

Katika darasa la mawasiliano, mwanafunzi husoma ujumbe mbele ya kinasa sauti, kisha wenziwe huisikiliza kanda na kuandika walichosikia. Zoezi hili huweza kuonekana kama mchezo wa watoto, kumbe siku moja huweza kuokoa roho za watu.

Hakuna awezaye kuihukumu sauti yake mwenyewe. Mtu asemapo, hujisikia kwa njia mbili, hewa na mifupa ya kichwa, nayo mifupa huizidishia sauti uzito. Kinasa sauti hunasa ile ya hewani peke yake, ndiyo maana wengi huikana sauti yao wanapoisikia mara ya kwanza. Tena msemaji huyajua tayari aliyokusudia, na sikio lake hujaza lililopungua. Mwenziwe huandika lililomfikia tu.

Tarakimu ndizo mtihani mkubwa. Redio inapokwaruza, sita hugeuka tisa, na nne hufanana na nane. Kwa hiyo msemaji hutamka polepole, na mpokeaji huzirudia ili zithibitishwe.

Gharama ya kutosikilizana ilionekana tarehe 27 Machi 1977, ukungu ulipoufunika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Rubani wa ndege ya KLM alianza kuruka bila ruhusa, na maneno yaliyotoka ndegeni mwake hayakueleweka vizuri. Mwongozaji alimwambia asubiri. Papo hapo ndege ya Pan Am ilisema ingali njiani. Sauti hizo mbili zilipambana hewani, ukasikika mlio mkali. Ndege ziligongana, wakafa watu 583. Tangu hapo kanuni za lugha ya marubani zilikazwa.

Msikilizaji naye ana adabu yake. Asimcheke mwenziwe kwa lafudhi ya kwao, kwani lafudhi si kosa. Kosa ni herufi inayogeuza maana, kura ikasikika kula. Alionyeshe neno lenyewe, kisha asomewe tena.

Nyumbani pia zoezi hili lafaa. Simu ya mkononi yenye kinasa sauti yatosha: mtoto asome namba kumi, nduguye aziandike akiwa chumba kingine, kisha walinganishe. Mkubwa asione haya kuketi nao, kwa kuwa kuuliza si ujinga.