Video yako ya Manyatta haionekani YouTube? Labda watafutaji wanapelekwa Kisumu

Fungua YouTube uandike neno moja tu: Manyatta. Hapo umeipa mashine kazi ngumu. Je, unatafuta mtaa wa Manyatta ulioko Kisumu? Ama ni yale maboma ya Wamaasai ambayo watalii hupenda kupiga picha? Au unamaanisha Manyatta ya Embu, kwenye majani chai, kahawa na makadamia chini ya Mlima Kenya? Mashine haiwezi kusoma moyo wako. Itakisia tu, na mara nyingi itakisia kile ambacho watu wengi walishakitazama.

Sasa wewe umepanda hadi Kibugu, umeshinda huko ukirekodi, usiku umemaliza bando ukipakia video, kisha ukaipa kichwa “Maisha Manyatta sehemu ya 3”. Wiki mbili baadaye imetazamwa mara 41, na nusu ya hizo ni wewe na binamu zako. Kabla hujalalamika kwamba YouTube inapendelea watu wa Nairobi, jiulize: ni nani angeandika maneno hayo akitafuta kitu?

Anza na swali, kamera baadaye

Google iliinunua YouTube mwaka wa 2006 kwa dola bilioni 1.65. Watu huenda huko kutafuta burudani, ndiyo, lakini pia huenda kutafuta majibu. Kampuni yenyewe inasema kwamba ikipanga matokeo huangalia mambo matatu makuu. Kwanza, iwapo kichwa, maelezo, lebo na yaliyomo kwenye video yanaoana na maneno ya mtafutaji. Pili, iwapo wengine walioandika maneno hayo hayo walikaa wakaitazama video hiyo. Tatu, iwapo chaneli inaonyesha ujuzi na kuaminika katika mada yenyewe.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye mibuni ya zamani aina ya SL28. Kila msimu anapoteza buni kwa ule ugonjwa ambao wakulima huuita CBD. Amesikia kuhusu Batian, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 2010, ambayo hustahimili CBD na pia kutu ya majani. Hataki kung’oa mibuni aliyoachiwa na babake. Anataka kupandikiza Batian juu ya mashina yale yale. Sasa ameshika simu. Ataandika nini?

Hawezi kuandika “Maisha Manyatta”. Huenda akaandika “jinsi ya kupandikiza kahawa Batian”. Kijana wake aliye chuoni huenda akaandika kwa Kiingereza, “coffee grafting Kenya”. Hayo ndiyo maneno ya kuweka kwenye kichwa chako: “Jinsi ya kupandikiza kahawa ya Batian kwenye mbuni wa zamani, Manyatta, Embu”. Jambo lenyewe linatangulia, mahali panafuata. Na kila unapoandika Manyatta, ongeza Embu, usije ukachanganywa na Kisumu.

Hujui watu wanaandika nini? Anza kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta kisha usibonyeze kitu. Maneno yanayojitokeza chini yake yanatokana na yale ambayo watu hutafuta. Kuna pia Google Trends, ambayo ni ya bure. Chagua Kenya, chagua utafutaji wa YouTube, kisha linganisha “parachichi” na “avocado” uone lipi linatafutwa zaidi.

Sekunde za kwanza

Kichwa kizuri kitamleta mtu mlangoni. Kumfanya akae ni kazi nyingine. Tangu 2012 YouTube iliacha kutegemea idadi ya waliobonyeza pekee na kuanza kuupa uzito muda ambao watu hutazama. Kwa hivyo ule utangulizi wa dakika mbili wenye muziki, nembo inayozunguka na “karibuni sana kwenye chaneli yangu” unakuumiza. Mkulima amekuja kuona kisu kikikata shina. Muonyeshe kisu hicho ndani ya sekunde kumi, umwambie atajifunza nini, kisha uendelee.

Kwenye maelezo, sentensi mbili za kwanza ziseme wazi video inahusu nini, kwa lugha ambayo watu huzungumza. Gawanya video ndefu kwa sura: orodhesha saa za angalau sehemu tatu, ya kwanza ikianzia 0:00, na kila sehemu iwe ya sekunde kumi au zaidi. Anayetaka kuona tu namna ya kufunga kiungo ataruka moja kwa moja hadi hapo, badala ya kukuacha kabisa.

Lebo nazo? Usipoteze usiku mzima ukizijaza. YouTube yenyewe inasema mchango wazo ni mdogo, na husaidia zaidi pale neno linapokosewa mara nyingi. Mtu anaweza kuandika “Manyata” kwa t moja. Weka hilo, maliza, lala.

Kuhusu lugha, kuna nafasi kubwa hapa. Mwenzako wa Nairobi hawezi kumhoji mzee wa Kianjokoma kwa Kiembu akapata jibu lenye utamu wake wote. Wewe unaweza. Ila usitarajie mashine ikuandikie manukuu ya Kiembu. Yaandike mwenyewe kwa Kiswahili, ukiweza na kwa Kiingereza. Hapo mtu wa Meru, Kirinyaga au hata Kagera ataelewa, na aliye ndani ya matatu yenye kelele atasoma bila kusikia. Na kabla ya kumrekodi mzee, mwombe ruhusa, umweleze video inaenda wapi.

Hesabu ya wauza ‘watazamaji’

Hapa ndipo vijana wengi huliwa doo. Kuna watu mtandaoni wanaokuahidi maelfu ya watazamaji kwa bei ya bando la wiki. Buda, hebu tupige hesabu kwanza.

Ili upate mgao wa matangazo, YouTube inataka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Njia nyingine ni video fupi za Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtu akikutazama kwa dakika 3, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Wakikaa dakika 6, zinatosha 40,000. Umeona? Kumfanya mtu mmoja akae zaidi ni sawa na kupata mtazamaji wa pili, na hujalipa hata ndururu.

Watazamaji wa kununua hawafiki popote katika hesabu hiyo. Sera ya YouTube inakataza utazamaji bandia. Inaweza kuufuta, na chaneli inayorudia kosa inaweza kufungwa kabisa. Mbaya zaidi, wageni hao wa bandia hawana shamba wala swali, hivyo hawaiambii mashine video yako imfikie nani. Utakuwa na namba kubwa juu na ukimya chini.

Lakini kuna gharama nyingine isiyokuwa yako. Ukishika nafasi ya kwanza kwenye utafutaji, mtu atafanya ulichosema. Mkulima akikata mashina hamsini kwa kufuata maelekezo yako mabaya, hakuna kitufe cha kurudisha mti, na ada ya shule inategemea buni hizo. Kwa hivyo mtafute afisa wa kilimo wa wadi, au mkulima ambaye vipandikizi vyake vimeshika, umrekodi yeye akifanya. Kituo cha utafiti cha KALRO kipo papo hapo Embu. Ukikosea na baadaye ukajua, andika sahihisho juu kabisa ya maelezo.

Pa kuanzia leo

Huhitaji kamera mpya. Ingia YouTube Studio, fungua takwimu, utazame mahali watazamaji wako wanatoka. Ukibonyeza utafutaji wa YouTube, utaona maneno yenyewe waliyoandika wakakupata. Huenda ukakuta watu wamekuwa wakiuliza bei ya miche ya makadamia, ilhali uliitaja kwa sekunde tano tu katika video ya harusi. Hiyo ndiyo video yako ijayo.

Halafu rudi kwa zile za zamani. Vichwa hubadilishwa bila kupakia video upya. Chukua tano, ondoa “sehemu ya 3”, weka swali ambalo kila moja inajibu, na umalizie na Manyatta, Embu. Ipe mwezi mmoja, kisha rudi kwenye takwimu uhesabu.