Papa Shilingi na Hofu ya Samaki Wakubwa

Kila kaskazi inapoanza kuvuma, habari hutufikia hata sisi tunaoishi Kehancha, mamia ya kilomita kutoka baharini, kwamba papa mkubwa kama basi ameonekana Diani au Watamu. Jamaa wa Pwani hutuma picha kwa simu, na simu hiyo huzunguka nyumba hadi nyumba. Msimu huo ndio wa likizo ya Disemba, wakati ambapo wengi wetu huwapeleka watoto kwa bibi zao Pwani, na kina mama hutuuliza swali moja: je, mtoto aruhusiwe kuoga baharini?

Samaki aonekanaye katika picha hizo aghalabu ni yule ambaye wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi, na watu wa Mafia humwita potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anaweza kufikia urefu wa mita 18 hivi. Kinywa chake hupita upana wa mita moja, lakini chakula chake ni vijidudu vya majini, uduvi, mayai ya samaki na dagaa, ambavyo huvichuja kutoka katika maji. Meno anayo, madogo mno, wala hayatumii kutafuna. Akina mama na watulie: huyu hamli mtu. La kuhadhari ni mkia wake, maana pigo lake laweza kumuumiza aliye karibu, hata kama hakukusudia.

Jina la shilingi limetokana na madoa meupe mgongoni mwake. Wazee husimulia kuwa Mwenyezi Mungu alipendezwa naye, akawaamuru malaika wamrushie sarafu, nazo zikamgandia. Hiyo ni ngano tu, haina mapokezi, na hatupendi watoto wafundishwe kuwa ni dini. Hata hivyo madoa hayo yana ajabu ya kweli: hakuna papa shilingi wawili wenye mpangilio mmoja. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kuwa wameichukua hesabu iliyotungwa kwa ajili ya kulinganisha nyota za mbinguni, wakaitumia kuyalinganisha madoa hayo ili kumtambua kila mmoja kwa picha.

Kwa njia hiyo na kwa vyombo vya kuwafuatilia, imejulikana kuwa potwe wa Mafia si wageni wa msimu kama tulivyodhani. Wengi wao ni madume machanga. Kuanzia Oktoba hivi hadi Februari hukusanyika karibu na Kilindoni kufuata uduvi. Miezi mingine hujitenga kidogo na pwani na kuzama, nasi tukadai wamehama.

Papa mweupe, yule wa filamu za kutisha, naye yumo katika bahari yetu, ila ni nadra sana. Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha kumbukumbu za kwanza za papa huyo kutoka Kenya, Zanzibar, Madagaska na Morisi. Hupenda maji ya baridi kuliko yetu, lakini ni msafiri hodari: jike mmoja aliyewekewa alama Afrika Kusini mwaka 2003 alifika Australia na kurejea katika muda wa miezi tisa hivi.

Hapa Kehancha tumeulizwa pia kama papa aweza kuingia Ziwa Nyanza. Wako papa wanaopanda mito, kama wale wa mto Zambezi, lakini ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa mto Nile kupitia maporomoko ya Murchison, ambayo papa hawezi kuyapanda.

Hofu yetu sisi iko upande wa pili. Mwaka 2016 papa shilingi aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 2019 aina moja ya mbingusi, yule papa mwenye kichwa cha nyundo, ikatajwa kuwa karibu kabisa na kutoweka. Papa mkavu anayetumwa kwetu katika vifurushi vya nyumbani, tunayempika kwa nazi na ndimu, ni halali bila shaka. Lakini mama anayefungua kifurushi akakuta papa wachanga wasiozidi urefu wa mkono ana haki ya kumwuliza aliyemtumia wamevuliwa wapi, kwani papa huchelewa kukomaa, na wengi huzaa wachache.

Mvuvi naye asilaumiwe ovyo. Dagaa anaowafuata ndio anaowafuata potwe, na potwe akizingirwa na wavu, kumwachilia huenda kukamaanisha kuukata wavu ambao haujamalizwa kulipiwa. Wapo wanaoukata. Mwaka 1995 huko Taiwan jike mmoja wa papa shilingi aliyevuliwa alikutwa na watoto 300 hivi tumboni. Akizaa baharini, hakuna aliyewahi kushuhudia.