Chumba cha Kulala: Uzuri Huanzia Chini

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya chumba cha kulala. Mtu akilala saa 8 kila usiku, basi katika kila siku 3 za maisha yake, siku 1 nzima hupita akiwa kitandani. Kwa hiyo chumba hiki si jambo dogo.

Ukimwuliza mtu chumba kizuri kina nini, atakujibu: kitanda cha dukani, godoro nene, na kabati lenye kioo. Vitu hivyo ni vizuri. Lakini mimi nakuambia, anza na sakafu. Sikiliza sababu yake.

MGENI WA USIKU

Wazee wa Dodoma wanamjua papasi. Ni mdudu wa rangi ya udongo. Akiwa na njaa ni bapa. Akishiba damu huvimba kama harage. Mchana hujificha katika vumbi na nyufa za sakafu na kuta. Usiku hutoka, humwuma aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla hajaonekana. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, hata mwaka na zaidi. Basi usidhani kwamba nyumba iliyofungwa miezi mingi haina papasi.

Papasi huleta homa ya papasi. Mgonjwa hupata joto kali, kichwa na maungo humwuma. Baada ya siku chache homa huacha, naye husema, "Nimepona." Kisha homa hurudi. Watu wengi hudhani ni malaria. Usikisie. Nenda zahanati upimwe damu, kwani dawa yake ipo. Ugonjwa huu ni hatari zaidi kwa mama mja mzito na mtoto mchanga. Unaweza kuharibu mimba, na unaweza kumwua mtoto.

Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, aliuchunguza ugonjwa huu katika nchi yetu, wakati ilipotawaliwa na Wajerumani. Aliwakuta papasi katika vumbi la vibanda walimolala watu wa misafara. Akaona pia kwamba papasi mwenye ugonjwa huurithisha kwa mayai yake. Ndiyo maana kuua papasi mmoja mmoja hakutoshi. Ni lazima tumwondolee makao yake.

TUSIIDHARAU TEMBE

Siku hizi nyumba za matofali na bati zinaongezeka Ihumwa, hasa tangu Serikali ilipojenga ofisi zake jirani, Mtumba. Lakini katika vijiji vya Dodoma tembe zingalipo. Tusizidharau. Paa la udongo huzuia jua kali la mchana, na usiku wa baridi wa mwezi wa 6 na wa 7 hutunza joto. Kasoro ya tembe nyingi ni giza, vumbi na nyufa. Kasoro hizo zinaweza kuondolewa. Na nyumba ya bati yenye sakafu ya vumbi, nayo humpa papasi makao yale yale.

KAZI YENYEWE

Kwanza, sakafu. Toa vitu vyote nje. Ondoa vumbi lote, kisha shindilia udongo mpaka uwe mgumu. Mwenye uwezo atie saruji: ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, kwa unene wa inchi 1, kitatumia mifuko kama 2 ya kilo 50. Asiye na saruji achanganye udongo wa kichuguu, mchanga na samadi ya ng'ombe, asilibe vizuri, na azibe kila ufa mpya unapotokea. Kazi hii hairuhusu uvivu.

Pili, kuta. Ziba nyufa, lainisha kwa udongo, kisha paka chokaa. Chumba cheupe hupendeza, tena mdudu huonekana upesi. Kama paa ni la tembe, shona viroba safi au kitambaa, ukitandaze juu kama dari, ili vumbi lisikuangukie.

Tatu, dirisha. Ninyi mnajua upepo wa kiangazi hutoka wapi. Weka dirisha upande mwingine. Litie wavu na ubao wa kufunga. Mwanga ukiingia, hata ufagio hufanya kazi yake vizuri.

Nne, kitanda. Si lazima kitoke dukani. Fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa mbao na kamba za katani. Kiwe juu kama urefu wa goti, na kiwe mbali na ukuta shubiri 1 au zaidi. Tundika chandarua chenye dawa, uchomeke ncha zake chini ya godoro. Shuka zisiburuze chini, kwani shuka inayogusa sakafu ni ngazi ya papasi. Godoro lianikwe juani kila juma.

Tano, vyombo. Vichache vinatosha. Sanduku la nguo liwekwe juu ya matofali 2, ili ufagie chini yake. Nguo zitundikwe kwenye vigingi, zisirundikwe pembeni. Kuku na mbuzi wapate banda lao. Taa ya moto iwe mbali na chandarua.

Sasa pamba. Kanga iliyozeeka kidogo hufaa kuwa pazia. Kibuyu kilichonakshiwa, shanga za bibi, au picha ya jamaa huupa ukuta uhai. Mkeka hupendeza mbele ya kitanda, lakini uukung'ute nje kila siku.

NENO LA MWISHO

Mwenye fedha kidogo afuate utaratibu huu: sakafu, kuta, dirisha, kitanda, kisha mapambo. Lakini usingoje sakafu ndipo utundike chandarua. Kitundike leo.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima nchini Tanzania vilisikiliza redio pamoja, vikajadiliana, kisha vikaenda kufanya kazi. Nasi tufanye hivyo. Darasa likisaidiana, sakafu ya jirani mmoja humalizika kwa siku chache. Tuanze na nyumba yenye mama mja mzito.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Papasi hujificha wapi mchana?
2. Kwa nini kitanda kisiguse ukuta?
3. Katika darasa letu, ni sakafu ya nani tutaanza kuitengeneza, na lini?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.